Kusoma Neno na Majirani Ambao Hukuwachagua

Hotuba kwa waumini wapya wa parokia moja ya Dar es Salaam, baada ya Misa ya pili

Tumsifu Yesu Kristo.

Baba Paroko, masista wetu, makatekista, wenyeviti wa kanda na wa jumuiya, na ninyi ndugu zangu mliohamia katika parokia hii tangu Krismasi iliyopita, nawashukuru kwa kubaki baada ya Misa ilhali jua limeshapanda na watoto wana njaa. Halmashauri ya Walei imeniomba niseme nanyi juu ya jambo moja tu, nalo ni kujiunga na jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo katika mtaa unaoishi. Mambo mengine ya parokia mtayasikia kwenye matangazo. Hili nalisema kwa kirefu kwa sababu nimewaona watu waliosali hapa miaka kumi, wakakaa benchi lilelile kila Dominika, na siku walipohama hakuna aliyejua kwamba wamehama.

Katika jiji hili tunachagua karibu kila kitu cha dini yetu. Unachagua Misa ya kwanza au ya pili, unachagua kwaya, na hata parokia yenyewe wengine wanaichagua kwa kufuata mahubiri ya padre fulani. Unaweza kuwa WAWATA, UWAKA au VIWAWA, yaani chama cha wanawake, cha wanaume au cha vijana Wakatoliki, na vyama hivi ni vyema, nami mwenyewe nimo katika kimojawapo. Lakini humo utakutana zaidi na watu wa jinsi yako, wa umri wako, na mara nyingi wa kipato kinachokaribiana na chako. Jumuiya haiko hivyo. Jumuiya unapangiwa na mlango wa nyumba yako. Watakaokuwamo ni wale tu ambao Mungu aliwaweka kati ya kisima na barabara ya lami: mwenye nyumba na mpangaji wake, daktari na dada anayemsaidia kazi za nyumbani, mwendesha bodaboda, mjane mwenye genge la mboga, na pengine jirani ambaye mlishawahi kutoelewana juu ya maji ya mvua. Nimekuja kutambua kwamba huo ndio utajiri wake wote, na kwamba Biblia ikisomwa mbele ya watu wa namna hiyo husema mambo ambayo haikuyasema nilipokuwa naisoma peke yangu.

Wala hili si jambo geni katika imani yetu. Paulo anapomaliza barua yake kwa Warumi anawasalimu Priska na Akila, mume na mke waliokuwa mafundi wa kushona mahema, kisha analisalimu kanisa lililomo nyumbani mwao. Kwa Wakolosai anamtaja Nimfa na kanisa lililokuwa nyumbani mwake, na kwa Filemoni vilevile. Huko Dura-Europos, mji wa kale kwenye ukingo wa mto Frati katika Siria ya leo, watafiti wa mambo ya kale waliochimba katika miaka ya 1930 walikuta nyumba ya kawaida ya kuishi ambayo Wakristo waliigeuza kuwa mahali pa ibada kabla ya mji huo kutekwa na Waajemi karibu na mwaka 256: walikuwa wamebomoa ukuta uliotenganisha vyumba viwili ili wapate nafasi ya kukaa pamoja, na chumba kingine wakakifanya cha ubatizo. Mimi hupenda sana kuufikiria ukuta ule. Mtu fulani, ambaye jina lake limepotea, alikubali nyumba yake ibomolewe ili majirani zake wapate kulisikia Neno.

Kwetu Afrika Mashariki, maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa ukanda huu, walipokutana Nairobi mwaka 1973 kupanga kazi ya Kanisa kwa miaka iliyokuwa mbele yao, waliona kwamba parokia zetu ni kubwa mno, mapadre ni wachache, na mtu anaweza kubatizwa, kuolewa na kuzikwa bila kujulikana. Wakaamua kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya vikundi vidogo vilivyo pale watu wanapoishi na kufanya kazi, ambamo watu wanaweza kufahamiana kwa kweli. Mwaka 1976 walikutana tena Nairobi na kuifanya kazi hiyo kuwa ya kwanza katika majimbo yao. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba jumuiya ni mpango wa kukusanya zaka, au kwamba ni mambo ya akina mama waliokosa shughuli. Ni uamuzi wa Kanisa lote la ukanda huu. Nao ndugu zetu wa madhehebu mengine wanaijua njia hiyo: Walutheri wana jumuiya zao za nyumba kwa nyumba, na uamsho ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na kwetu, uliwafundisha Waanglikana na Walutheri wengi kukaa katika ushirika mdogo, kusoma Biblia na kuungama makosa yao mbele ya wenzao.

Sasa niwaeleze kinachofanyika, kwa maana wengi mnakiogopa kwa kutokijua. Jumuiya nyingi za hapa hukutana Jumamosi asubuhi na mapema, kabla watu hawajatawanyika kwenda kazini na sokoni, na huzunguka nyumba kwa nyumba. Husomwa Injili ya Dominika inayofuata, kwa njia tunayoiita hatua saba, iliyotoka katika Chuo cha Lumko huko Afrika Kusini, ambako walifanya kazi Fritz Lobinger na Oswald Hirmer, mapadre wawili Wajerumani ambao baadaye wote walikuwa maaskofu. Kwanza mmoja wetu anamkaribisha Bwana kwa sala. Kisha Injili inasomwa kwa sauti. Halafu kila anayetaka anachagua neno au kifungu kifupi kilichomgusa na kukitamka polepole mara tatu, na kati ya mara moja na nyingine tunanyamaza. Baada ya hapo unakuja ukimya mrefu zaidi. Ndipo tunashirikishana: mtu anasema namna neno lile lilivyomgusa moyoni, na hakuna anayemjibu, hakuna anayemsahihisha, hakuna anayetoa mahubiri. Hatua ya sita ni kupanga tendo, na ya saba ni sala za kila mmoja.

Nilipoanza kwenda jumuiya nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na hatua ya tano ilinitesa. Nilizoea kueleza. Mtu alipotamka jambo ambalo niliona si maana sahihi ya kifungu, mkono wangu ulitaka kupanda juu kama wa mtoto wa darasa la tatu. Mwenyekiti wetu wa wakati ule, mama mmoja mtulivu sana, alinivuta pembeni siku moja na kuniambia kwamba nisubiri, kwa kuwa kule tunajifunza kusikiliza kwanza. Nilisubiri kwa shingo upande, lakini nilisubiri, na ninamshukuru mpaka leo.

Nawaomba mniruhusu nikae kidogo juu ya Jumamosi moja. Ilikuwa wiki ya kuelekea Dominika ya 25 ya Mwaka A, na Injili ilikuwa ya wafanyakazi katika shamba la mizabibu, Mathayo sura ya 20. Mnaijua. Mwenye shamba anatoka alfajiri kuajiri vibarua na kupatana nao dinari moja kwa siku. Anatoka tena saa tatu, saa sita na saa tisa. Na hatimaye anatoka saa kumi na moja na kuwakuta wengine wamesimama bila kazi. Jioni wote wanalipwa dinari moja, na wale wa asubuhi wananung'unika. Nilikuwa nimeufundisha mfano huo katika vipindi vya dini kwa miaka mingi. Nilikuwa na maelezo yangu tayari juu ya neema na wivu, na nikiri kwamba kila mara nilipousoma nilijiona nimesimama upande wa wale walioanza kazi asubuhi, nikijitahidi kuukubali uamuzi ambao moyoni sikuupenda.

Tulikuwa tumekaa kwenye mkeka uwani, kwa sababu mwenyeji wetu alikuwa mpangaji wa chumba kimoja. Ilipofika hatua ya tatu, mzee mmoja ambaye alikuwa haongei mara kwa mara alitamka maneno haya: "Kwa sababu hakuna mtu aliyetuajiri." Akanyamaza. Akayarudia. Akanyamaza tena, akayarudia mara ya tatu, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Tulipofika kushirikishana, alitueleza kwamba yeye hubeba zege. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi husimama na beleshi lake karibu na duka la vifaa vya ujenzi, pamoja na vijana wengi, na gari likisimama msimamizi huteremka na kuwaangalia migongo. Huchukuliwa vijana kwanza. Alisema kwamba ikifika saa tano unakuwa umeshaelewa kwamba leo hakuna kitu, lakini huondoki, kwa maana ukirudi nyumbani mapema watoto wanajua. Kwa hiyo unakaa mpaka jioni, umesimama, na wapita njia wanadhani wewe ni mvivu. Kisha akasema, na maneno yake ninayakumbuka kama nilivyoyasikia: "Mimi nikisoma habari hii, namwona mtu aliyerudi saa kumi na moja kuangalia kama bado nipo."

Ndugu zangu, hakuna aliyesema neno kwa muda mrefu. Saa kumi na moja ya Injili ndiyo saa kumi na moja yetu, jua likiwa linaelekea kuzama juu ya mabati, na mimi katika miaka yangu yote ya kufundisha sikuwahi kuwauliza wale watu wa saa kumi na moja siku yao ilikuwaje. Nilidhani walikuwa wamelala. Sikuwahi kuona kwamba kusimama kutwa nzima bila kuitwa ni kazi nzito kuliko kulima, na kwamba ile dinari moja ilikuwa posho ya siku moja ya chakula, ambayo mtoto wa kibarua wa jioni anaihitaji sawasawa na mtoto wa kibarua wa asubuhi. Hakuna kitabu cha ufafanuzi kilichonipa hilo. Nililipewa na jirani yangu wa nyumba ya tatu, ambaye tulikuwa tunasalimiana kwa miaka miwili bila mimi kujua anafanya kazi gani.

Na tendo lilifuata. Katika hatua ya sita mama mmoja aliuliza swali dogo: sisi tuliokaa hapa, wale wanaotufulia, wanaotuchotea maji na kutuchimbia, tunawalipa lini? Katibu alifungua Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, pale Sheria inapoagiza kwamba maskini alipwe ujira wake siku ileile, kabla jua halijazama, kwa kuwa moyo wake unautegemea. Mimi nilikuwa na deni. Kijana aliyenichimbia shimo la choo nilikuwa nimemlipa nusu, na nusu nyingine nilikuwa namwambia kesho, kwa wiki tatu, ilhali fedha nilikuwa nazo na sikuona kwamba ni jambo kubwa. Nilitoka pale mkekani nikamtafuta mpaka nikampata kwenye kijiwe chao, nikamlipa na kumwomba msamaha. Tangu siku ile jumuiya yetu iliweka azimio kwamba kibarua wa yeyote kati yetu asilale akitudai.

Nimesema mengi juu ya asubuhi hiyo kwa sababu siwezi kuieleza thamani ya jumuiya kwa njia nyingine. Mtakatifu Yeronimo aliandika kwamba kutoyajua Maandiko ni kutomjua Kristo, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliyarudia maneno hayo mwaka 1965 ulipowahimiza waumini wote wasome Biblia mara kwa mara. Nakubali kabisa. Naongeza tu, kwa yale niliyoyaona, kwamba wengi wetu tunayajua Maandiko kwa upande mmoja, upande wa maisha tuliyoyaishi, na upande mwingine umo katika nyumba ya jirani.

Najua pia kwa nini wengi hamji, na sitajifanya kwamba sababu zenu hazina uzito. Ya kwanza ni michango. Zipo jumuiya ambazo Injili husomwa haraka haraka kwa dakika tano, kisha daftari hufunguliwa na majina ya waliolipa na wasiolipa husomwa mbele ya watu wote, na mama asiye na elfu mbili anainamisha kichwa. Hilo ni kosa, nami nalisema mbele ya wenyeviti walioko hapa kwa heshima zote: jumuiya inayomwaibisha maskini imemfukuza yuleyule ambaye ingeweza kulisikia Neno kupitia kwake. Tumekubaliana katika Halmashauri kwamba majina hayatasomwa tena, na mhazini ataongea na mtu faragha. Mkiona linafanyika, mje mniambie.

Ya pili ni barua. Ni kweli kwamba ofisi ya parokia itakuuliza unatoka jumuiya gani utakapotaka kumbatiza mtoto, kufunga ndoa au kuzika. Utaratibu huo una sababu njema, kwa kuwa padre hawezi kumshuhudia mtu asiyemjua, lakini nahofia kwamba umewafundisha wengi kuja kwa sababu ndogo. Anakuja mtu majuma sita kabla ya harusi, anahudhuria mara nne, anapata barua yake, na hatumwoni tena mpaka pafike msiba. Msije kwa ajili ya barua. Barua mtaipata, lakini mkiishia hapo mtakuwa mmekaa mezani mkala kitambaa.

Ya tatu wanaitaja kwa sauti ya chini zaidi, nayo ni hofu ya kusemwa. Mtu anaogopa kwamba akieleza jambo la nyumbani kwake Jumamosi, Jumatatu litakuwa dukani. Siwezi kuwaahidi kwamba haijawahi kutokea. Limetokea, na limewaumiza watu. Ndiyo maana katika jumuiya nyingi sasa, kabla ya kushirikishana, kiongozi anakumbusha kwamba yatakayosemwa hayatoki nje ya pale, na aliyewahi kulivunja hilo aliitwa na kuonywa. Kumbukeni pia kwamba hulazimiki kusema lolote. Unaweza kukaa miezi mitatu ukitamka mstari mmoja tu wa Injili, na hakuna atakayekuuliza kwa nini.

Kuhusu chumba kidogo na ukosefu wa viti, nawaomba msijisumbue. Uwa unatosha. Asubuhi ile niliyowaeleza, viti vya plastiki vya wazee wetu viliazimwa kwa jirani Mwislamu wa nyumba ileile, ambaye alivitoa mwenyewe akavipangusa, na alipofiwa mwaka uliofuata jumuiya yetu ilikwenda kukaa naye matanga. Chai si lazima. Zipo nyumba zilizoanza kushindana kwa maandazi na chapati mpaka wengine wakaona haya kupokea zamu yao, na tumeomba desturi hiyo ikome. Maji ya kunywa yanatosha kabisa.

Basi utaratibu wenyewe ni mwepesi. Mwambie kiongozi wa kanda mahali unapoishi, kwa kutaja kitu kinachojulikana, kama vile shule, mashine ya kusaga au mwembe mkubwa, naye atakutajia jumuiya yako, jina la mtakatifu msimamizi wake na nyumba inayofuata kwa zamu. Njoo na Biblia, yenye vitabu 73 ukiweza kuipata, ili tunapofungua Tobiti au Yoshua bin Sira usibaki ukitafuta. Asiye na Biblia atasoma pamoja na jirani yake, na asiyejua kusoma atasikiliza. Yule mzee aliyenifundisha zaidi hakuwa na kitabu mkononi. Anayefanya kazi za zamu, kama walinzi na wauguzi, aulize juu ya jumuiya za kanda yake zinazokutana Dominika jioni. Waleteni na watoto. Wakilia, watalia.

Viongozi wa kanda wote wamekaa pale nje chini ya mwarobaini, kila mmoja na daftari lake, na hawataondoka mpaka wa mwisho wenu aandikwe. Jumamosi hii tutasoma Luka sura ya 24, kuanzia mstari wa 13, habari za wale wanafunzi wawili waliokuwa wakienda Emau, ambao walitembea na mgeni njiani, na ilipokuwa jioni wakamsihi aingie nyumbani akae pamoja nao. Tunaanza saa kumi na mbili na nusu.